Yesu Hakujiaminisha Kwao

Mama aliyekuwa akitusomea alifika Yohana 2:24, akanyamaza. Akarudi nyuma aya moja, akaisoma tena kwa sauti ya chini, kisha akaweka kidole juu ya mstari kana kwamba ungeweza kumponyoka. Tulikuwa watu tisa tumeketi duara, kila mmoja na Biblia yake magotini, na kwa kawaida msomaji akikwama jirani yake humnong'oneza neno. Safari hii hakuna aliyenong'ona, kwa kuwa maneno yote aliyajua.

"Mwalimu," akasema, "hapa watu wengi waliamini jina lake. Aya inayofuata, Yesu hakujiaminisha kwao. Huko kwenye Kigiriki ni neno moja, au Kiswahili ndicho kilichoyafananisha?"

"Ni maneno mawili tofauti, Mama," nikamjibu, na wala sikufungua kitabu. Nikaeleza kwamba la kwanza ni imani ya wokovu na la pili ni neno la kawaida tu, la kujikabidhi. Akaitikia kwa adabu, akaendelea kusoma.

Usiku ule nilifungua Agano Jipya la Kigiriki ili nijiridhishe.

Lilikuwa neno moja.

Daftari la mistari miwili

Kitenzi ni pisteuo, mara zote mbili. Kwanza kimekuja episteusan, waliamini, tendo linalotajwa kwa ukamilifu wake. Kisha kimekuja episteuen, na kikanusho mbele yake, katika njeo ya jambo linaloendelea: hakuwa akijiaminisha, siku zote zile hakujiweka mikononi mwao. Mwandishi hakuteleza kalamu. Hakuna mwandishi wa Agano Jipya anayekipenda kitenzi hicho kama yeye. Katika Injili yake amekitumia mara 98, na nomino pistis, ile tunayoiita imani, hakuitumia hata mara moja. Mtu anayeshikilia kitenzi kwa namna hiyo na kuikwepa nomino yake anajua vema anachofanya anapokigeuza kimwelekee mtu wa upande wa pili.

Nilijifunza Kigiriki kwa daftari: kushoto neno, kulia maana, katikati alama ya sawasawa. Pistis ni imani, pisteuo ni kuamini, pistos ni mwaminifu, apistia ni kutokuamini. Alama ile ya sawasawa ndiyo iliyomjibu Mama yule, na nyuma ya alama hiyo palikuwa na jambo zito zaidi ambalo sikuwahi kulisema hata moyoni: kwamba imani hutoka chini kwenda juu, mwanadamu huamini na Mungu huaminiwa, na njia hiyo haina kurudi. Kwa hiyo swali lake nililijibu kwa theolojia yangu, nikalivika joho la sarufi.

Majuma kadhaa yalipita na jambo hilo halikuniacha. Aibu ya kukosea ilipoa upesi, maana anayefundisha lugha hukosea. Kilichobaki ni kuwaza kwamba, kama kitenzi ni kile kile, basi palikuwa na watu waliomwamini Yesu ambao Yesu mwenyewe hakuwaamini. Na imani yao Yohana hakuiita ya uongo. Alisema waliamini, akaliacha neno lake zima.

Neno lililokuwapo kabla ya Wakristo

Wagiriki walikuwa na neno pistis karne nyingi kabla hajatokea Mkristo wa kulitumia. Liliitwa hivyo tumaini la mtu kwa mwenzake, na pia kitu kinachomfanya mtu atumainiwe: kiapo, dhamana, ahadi iliyotimizwa. Mfanyabiashara aliyeweza kukopeshwa alikuwa na pistis. Aristotle, alipoandika kuhusu ufundi wa kuhutubia, aliziita hoja na vithibitisho vya msemaji kwa wingi wa neno hilo hilo, pisteis.

Maana hii ya uthibitisho imo hata katika Biblia tunayoisoma, ila imevaa nguo nyingine. Paulo alipomaliza hotuba yake Athene, katika Matendo 17:31, alisema kwamba Mungu amewapa watu wote "uthabiti" wa mambo hayo kwa kumfufua Yesu katika wafu. Uthabiti huo ni pistis. Aya hiyo nimeihubiri zaidi ya mara moja bila kujua kwamba neno la imani limeketi mle ndani, na kwamba anayeitoa pistis pale ni Mungu.

Tena yupo Yosefo, mwanahistoria Myahudi, ambaye vita dhidi ya Warumi vilipoanza mwaka 66 alikuwa kamanda huko Galilaya. Katika masimulizi ya maisha yake anaeleza jinsi alivyomnasa kiongozi wa wanyang'anyi aliyekuwa amepanga kumshambulia, akamwita faragha, akamwambia kwamba atamwachilia makosa yake iwapo atatubu na kuwa pistos kwake. Kitenzi cha kutubu ni kile kile cha Marko 1:15, na pistos ni jamaa wa karibu wa kitenzi kinachofuata pale: "tubuni, na kuiamini Injili." (Mnyang'anyi huyo aliitwa Yesu. Jina hilo lilikuwa la kawaida siku zile.)

Nililisoma tukio hilo nikacheka peke yangu. Yosefo hakuwa akimtaka yule mtu akubali kwamba Yosefo yupo. Alikuwa amesimama mbele yake. Alimtaka abadili upande na asimsaliti.

Sisemi kwamba Marko na Yosefo walikuwa na jambo moja akilini. Nasema tu kwamba msikilizaji wa Galilaya aliyeambiwa atubu na kuamini angeweza kusikia jambo ambalo mimi, kwa miaka yote ya daftari langu, sikulisikia.

Amini, amana, amina

Hapo ndipo Kiswahili kilipoanza kunifurahisha kupita kiasi. Imani, amini, mwaminifu, uaminifu, muumini, amana, amani, na lile amina tunalofungia sala, yote ni ukoo mmoja wa Kiarabu, na ukoo huo ni ndugu wa mzizi wa Kiebrania uliozaa aman, emunah na amen. Tunaposoma Mwanzo 15:6 kwamba Abramu "akamwamini BWANA", kitenzi chetu na kitenzi cha Kiebrania ni damu moja. Zipo lugha ambazo nomino ya imani haina kitenzi cha kuzaliwa nayo, zikalazimika kuazima kitenzi kutoka ukoo mwingine. Kilatini kilikuwa na fides kwa imani na credere kwa kuamini, maneno yasiyojuana kabisa. Sisi tuna ukoo mzima chini ya paa moja.

Sarufi nayo inatusaidia. Naweza kusema "naamini kwamba", nikaleta habari fulani nyuma yake, na naweza kusema "namwamini", nikamwingiza mtu katikati ya kitenzi chenyewe. Kanuni ya Imani inayosaliwa kwa Kiswahili ina matoleo yanayoanza "Namwamini" na mengine yanayoanza "Nasadiki", na kwa maoni yangu, ambayo wengi watayapinga, lile la kwanza liko karibu zaidi na maneno yaliyoandikwa Nikea mwaka 325. Pale maaskofu waliandika pisteuomen eis, wakaitumia ile eis ambayo kwa Kigiriki huonyesha mwendo wa kuingia au kuelekea. Walisema pia "tunaamini", kwa wingi.

Nikaanza kuandika somo. Nikalipa kichwa kizuri. Nikaweka mikono ya Musa mwanzoni kabisa, kwa sababu katika Kutoka 17:12, Haruni na Huri walipoitegemeza mikono yake hata jua likachwa, Kiebrania kinasema mikono ile ilikuwa emunah, neno ambalo kwingine hutafsiriwa imani. Imani kama mikono iliyochoka ambayo wengine wameishika! Mhubiri gani angeiacha picha hiyo?

Mtu aliyeniharibia somo

Aliyeniharibia ni James Barr. Mwaka 1961 mtaalamu huyu wa Agano la Kale alichapisha kitabu cha kuwakosoa wanatheolojia waliokuwa wakichimba mizizi ya maneno na kujenga mafundisho juu yake, na sura moja nzima aliitenga kwa ajili ya imani na kweli, yaani mzizi huu huu niliokuwa nikiuchezea. Hoja yake ni rahisi na inauma. Neno hubeba maana kutokana na linavyotumika katika sentensi, na mtu anayelitumia habebi historia yake yote mgongoni. Ninapomtakia mtu amani simwekei amana, na anayetoa sadaka hafikirii kitenzi sadiki, ingawa ni ndugu.

Mikono ya Musa ilikuwa thabiti. Hilo ndilo neno linasema pale, basi. Halitufundishi Habakuki alimaanisha nini karne nyingi baadaye alipoandika kwamba mwenye haki ataishi kwa imani yake.

Nilikunja karatasi za somo, nikaziweka ndani ya kamusi.

Kwa siku nyingi niliona kwamba sina la kumwambia Mama yule zaidi ya "nilikosea, ni neno moja". Kisha nikagundua kwamba Barr hakunikataza kuangalia sentensi. Ndizo hasa alizonirudisha kwazo. Na ipo sentensi moja, katika Waraka wa Pili kwa Timotheo 1:12, ambayo Biblia ya Muungano imeitafsiri hivi: "kwa maana namjua yeye niliyemwamini, na kusadiki ya kwamba aweza kukilinda kile nilichokiweka amana kwake hata siku ile."

Niliyemwamini, na nilichokiweka amana. Katika Kigiriki maneno haya mawili si ndugu: la kwanza ni pisteuo na la pili ni paratheke, jina la mali ambayo mtu aliiacha mikononi mwa mwenzake, pengine kabla ya safari, akitegemea uaminifu wa yule aliyeipokea. Walawi 6 inahesabu kukana amana ya jirani kuwa kosa juu ya Mungu mwenyewe. Ukaribu wa sauti kati ya "amini" na "amana", basi, ni zawadi ya Kiswahili, mwandishi wa waraka hakuujua. Ukaribu wa maana ni wake, kwa kuwa ndiye aliyeyaweka mambo hayo mawili katika pumzi moja. Hapa kuamini ni tendo la mtu aliyekwisha kuacha kitu chake kwa mwingine na sasa hana njia ya kukilinda yeye mwenyewe.

Barr, nadhani, asingenikataza kusema hivyo.

Imani ya nani?

Wagalatia 2:20 inasema: "uhai nilio nao sasa katika mwili, ninao katika imani ya Mwana wa Mungu." Isome polepole. Imani ya Mwana wa Mungu ni imani niliyo nayo kwake, au ni uaminifu alio nao yeye?

Kigiriki hakitoi jawabu, na kwa bahati Kiswahili nacho kimeukataa mtego wa kutoa jawabu. Kiunganishi chetu cha -a kinaruhusu yote mawili, kama "upendo wa mama" unavyoweza kuwa upendo alionao mama au upendo tulionao kwake. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Hays aliufufua kwa nguvu mjadala huu, akitetea kwamba katika sehemu kama hizi Paulo anazungumzia uaminifu wa Kristo mwenyewe, aliyetii hata mauti. James Dunn akasimama upande wa pili akitetea usomaji uliozoeleka, wa imani yetu kwake. Wanafunzi wao na wanafunzi wa wanafunzi wao hawajamaliza.

Mimi siku moja huwa kwa Hays, siku inayofuata huwa kwa Dunn. Kinachonizuia nisilione jambo hili kuwa mchezo wa wasomi ni Warumi 3:3, mahali ambapo hakuna anayebishana. Paulo anauliza kama kutokuamini kwa watu kutaubatili "uaminifu wa Mungu", na neno alilotumia kwa uaminifu huo ni pistis, na kwa kutokuamini ni apistia. Watafsiri wetu walilazimika kuchagua, wakachagua vema, lakini uchaguzi wao ukatuficha kwamba Mungu ana pistis. Katika orodha ya tunda la Roho, Wagalatia 5:22, neno hilo limetafsiriwa tena "uaminifu". Mahali pengi linabaki "imani". Msomaji wa Kiswahili anaona vyumba viwili. Kigiriki kilikuwa na chumba kimoja kirefu, na watu walikitembea mwanzo hadi mwisho.

Hata ile aya ya Habakuki ilipita humo. Kiebrania kinasema mwenye haki ataishi kwa imani yake. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, katika nakala zake kadhaa mashuhuri, inasema ataishi kwa imani yangu, na anayesema hapo ni Mungu. Paulo aliponukuu katika Warumi 1:17 aliacha kiwakilishi chote. Ataishi kwa imani. Ya nani, hakusema.

Usiku wa hofu

Lakini ugunduzi wangu ulikuja na hofu yake. Kama pistis ni uaminifu, mimi niko wapi? Kuamini habari fulani naweza. Kukiri Kanuni naweza, tena bila kutazama kitabu. Kuwa mwaminifu kwa Mungu ni kipimo kingine. Hofu hii ina historia ndefu. Luther, mwanamatengenezo Mjerumani, alipoitafsiri Warumi 3:28 mwaka 1522 alitia neno "peke yake" baada ya imani, neno lisilokuwamo katika Kigiriki, na mwaka 1530 akalitetea kwa maneno makali, kwa kuwa aliogopa imani isije ikarudi kuwa kazi nyingine ya kumchosha mtu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulimjibu mwaka 1547. Walutheri na Wakatoliki hawakutia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki hadi tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg. Watu hawagombani miaka mingi hivyo juu ya maana ya kamusi.

Yakobo kwa upande wake anawaweka mashetani katika darasa la waumini: nao waamini na kutetemeka. Anatumia kitenzi kile kile. Sijawahi kusikia mtu akiinukuu aya hiyo bila kuwa anamfikiria mtu mwingine.

Nilipokuwa katika hali hiyo nilimrudia baba wa Marko 9:24, yule mwenye mtoto anayeanguka motoni na majini. "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kwa Kigiriki kilio hicho ni maneno matano tu: kinaanza kwa pisteuo na kinaishia kwa apistia, na katikati lipo ombi la msaada. Nilikuwa nimezoea kumwona kama mtu mwenye imani nusu, mfano wa wanaoanza. Sasa naona kwamba amefanya kile ambacho watu wa Yohana 2 hawakufanya. Wao waliziona ishara, wakaamini, na hatusikii kwamba walimkabidhi kitu chochote. Huyu hakuona ishara bado. Alichokuwa nacho ni mtoto na kutokuamini, akavileta vyote viwili.

Wala Yesu hakumwambia arudi akiwa na imani iliyotimia.

Bado hofu haikwisha, na sidhani kwamba ilipaswa kwisha. Ilipata tu mahali pa kukaa, katika nusu ya aya ya 2 Timotheo 2:13: kama sisi hatuamini, "yeye hudumu wa kuaminiwa." Pistos tena. Watafsiri wetu wangeweza kuandika "mwaminifu" wakaishia hapo. Wakaandika "wa kuaminiwa", kauli ya kutendwa, kana kwamba walitaka mlango ubaki wazi kwa yule ambaye nusu ya kwanza ya sentensi imekwisha kumsema.

Swali la pili

Tulipokutana tena nilianza kwa kukiri. Nilisema mbele ya wote tisa kwamba nilimjibu Mama bila kuangalia, na kwamba ni kitenzi kimoja, kwao na kwake. Nilitarajia aseme si neno, Mwalimu, tuendelee. Alikuwa amekwisha kufungua ukurasa.

"Nilidhani hivyo," akasema. Kisha: "Kama hakujiaminisha kwao, alijiaminisha kwa nani?"

Nilimwomba asubiri. Nikaitoa Biblia ya Kigiriki mfukoni, nikatafuta, na ukimya ukawa mrefu kiasi cha watu kuanza kukohoa. Yohana hakunipa jawabu. Nililipata kwa Luka 23:46, msalabani, katika maneno ya zaburi: "Baba, mikononi mwako naiweka roho yangu." Kitenzi si pisteuo, nikamwambia, safari hii nimeangalia. Ni paratithemai, kitenzi kinachozaa lile neno paratheke.

"Amana," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ila katika Kiswahili chetu hapo imeandikwa "naiweka" tu, neno amana halimo.

Akaomba kalamu kwa jirani yake, akaliandika pembeni mwa ukurasa.